Mlinzi Namba 94

Niko Bagamoyo. Mazoezi ya kufundisha yanaendelea, chaki zimenikausha vidole, bumu bado halijatoka, na ugali kwa dagaa umekuwa rafiki wa karibu sana. Hayo tuyaache. Leo nataka niwape historia ya mchezaji mmoja ambaye nadhani wengi wetu hapa Bongo hatumjui, ingawa asili yake ni Afrika Mashariki hii hii, na ingawa habari za ukoo wake ukizifuata kinyumenyume utajikuta umefika mpaka huku pwani. Anaitwa Mathias Kiwanuka. Alicheza futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mapedi ya mabegani, kwenye ligi yao kuu ya NFL. Timu ilikuwa moja tu, New York Giants, kuanzia msimu wa 2006 hadi wa 2014. Jezi yake kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa namba 94. Kazi yake, ulinzi.

Hapo kwenye neno ulinzi naomba tusimame kidogo. Ukiulizwa nani alifunga kwenye mechi kubwa uliyoiona miaka kumi iliyopita, utataja bila kukuna kichwa. Ukiulizwa nani alizuia, kimya. Beki anatajwa siku alipokosea. Nenda ufukweni hapa jioni maji yakiwa yamekupwa, watoto wanacheza, kila mmoja kajipa jina la mshambuliaji. Jina la beki halina mgombea. Na sababu ipo: goli ni tukio, lina dakika yake na mfungaji wake. Goli lililozuiwa halipo popote. Sasa kitu ambacho hakikutokea utakiandikaje? Kwa sisi tunaosomea ualimu wa Historia hilo swali siyo dogo hata kidogo, na ndilo lililonifanya nimfuatilie huyu bwana.

Tuanze na babu yake, maana bila babu hatuelewi Kiwanuka alifikaje Marekani. Na bila Bagamoyo hatumwelewi babu vizuri.

Misheni ya hapa ilifunguliwa mwaka 1868 na mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1878, msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe uliondoka hapa Bagamoyo kwa miguu kwenda bara, kwa njia ile ile ya misafara ya pembe na watumwa. Februari 1879 wa kwanza wao wakafika Buganda. Ndiyo mwanzo wa Ukatoliki Uganda. Ulikua haraka, ukapata mashahidi wake, lakini katika siasa za Buganda Waprotestanti ndio walioshika vyeo vikubwa. Malalamiko hayo ya muda mrefu yalichangia kuzaliwa kwa chama cha Democratic Party mwaka 1954, na mwaka 1958 kiongozi wake akawa mwanasheria Mkatoliki aliyeitwa Benedicto Kiwanuka.

Huyo ndiye babu. Alizaliwa 1922 upande wa Masaka, akawa askari wa KAR wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, baadaye akaenda kusoma Lesotho (enzi hizo Basutoland) kisha sheria London. Chama chake kilishinda uchaguzi wa 1961, na tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, nchi ikiwa na serikali ya ndani. Hakukaa. Aprili mwaka huo huo alishindwa uchaguzi, na aliyepokea uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 akawa Milton Obote. Mwaka 1969 serikali ya Obote ikamtia ndani. Idi Amin alipopindua Januari 1971 akamfungulia, na mwaka huo huo akamfanya Jaji Mkuu.

Na hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Jeshi likawa linakamata watu ovyo. Septemba 1972 ikafika mbele ya Jaji Mkuu Kiwanuka kesi ya mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa ameshikiliwa na wanajeshi. Kiwanuka akaamuru aachiwe, akasema jeshi halina mamlaka ya kukamata raia. Fikiria kusema hivyo Kampala, mwaka ule, kwa sauti, mahakamani! Tarehe 17 Septemba wapiganaji wafuasi wa Obote wakavuka mpaka kuingia Uganda. Walitokea wapi? Walitokea kwetu, Tanzania. Uvamizi ukashindwa vibaya, na Amin akazidi kuona adui kila kona. Siku nne baadaye, tarehe 21 Septemba, watu wenye silaha wakaingia Mahakama Kuu wakamchukua Jaji Mkuu ofisini kwake. Aliuawa. Mwili wake familia haikuupata kuuzika.

Baada ya hapo familia nyingi za Uganda zikatawanyika. Wazazi wa Mathias walihamia Marekani katika miaka hiyo ya 1970, wakatua jimbo la Indiana, mji wa Indianapolis. Mathias alizaliwa huko tarehe 8 Machi 1983, kama miaka 10 na nusu baada ya babu yake kuchukuliwa. Hakuwahi kumwona. Jina lake, kwa Mkatoliki wa Uganda, linamkumbusha mtu moja kwa moja Mathias Mulumba, mmoja wa mashahidi wa Uganda. Alisoma sekondari ya Kikatoliki ya Cathedral, Indianapolis, kisha akaenda Boston College, chuo cha Majesuti. Unaona uzi ulivyonyooka: njia iliyoanza na mapadri kutembea kwa miguu kutoka hapa Bagamoyo ilifika mpaka darasani Boston.

Sasa mchezo wenyewe, kwa kifupi, maana bila hivyo tutapotezana. Timu zina watu 11 kila upande. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusogea yadi 10, yaani kama mita 9. Ikifaulu inapewa nafasi nne nyingine, ikishindwa mpira unahamia kwa wenzao. Karibu kila shambulio linapita mikononi mwa mtu mmoja anayeitwa kotabeki. Yeye anaupokea mpira, anaangalia nani yuko wazi, anarusha. Kazi ya Kiwanuka ilikuwa kusimama mwisho wa mstari wa mbele wa walinzi, kumpita jitu la kilo mia na arobaini lililowekwa pale kwa ajili yake, na kumwangusha kotabeki kabla hajarusha. Ana sekunde tatu hivi. Akimwangusha anaandikiwa moja. Wakimwangusha wawili kwa pamoja, kila mmoja anaandikiwa nusu. Ndiyo maana takwimu zao zina nusunusu, msishangae.

Boston College aliangusha makotabeki mara 37.5, rekodi ya chuo. Mwaka 2006 akaingia kwenye drafti. (Siyo drafti ile ya vizibo vya soda barazani, jamani! Hii ni siku ambayo timu za NFL zinachagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni.) Giants wakamchukua akiwa namba 32, wa mwisho wa raundi ya kwanza. Ajabu ni kwamba walikuwa tayari wana walinzi wa pembeni wa kutisha. Alikuwepo Michael Strahan, aliyeweka rekodi ya ligi mwaka 2001. Alikuwepo Osi Umenyiora, mzaliwa wa London wa wazazi wa Kinigeria. Alikuwepo na Justin Tuck. Kijana wetu akaingia kwenye foleni.

Msimu huo wa kwanza ndio ulimpa jina, kwa ubaya. Tarehe 26 Novemba 2006 Giants walikuwa Nashville wakicheza na Tennessee Titans. Wakaongoza 21 kwa 0 hadi robo ya mwisho. Titans wakaanza kurudi. Wakiwa kwenye nafasi ya nne, ile ya mwisho, na yadi 10 mbele yao, Kiwanuka akamfikia kotabeki wao Vince Young na akamkamata vizuri kabisa. Kumwangusha tu na mchezo umekwisha. Akamwachia. Alidhani Young ameshaurusha mpira, na kumwangusha kotabeki asiye na mpira ni kosa linaloadhibiwa kwa yadi 15. Young alikuwa nao bado. Akakimbia, akavuka zile yadi alizohitaji, Titans wakasawazisha, kisha wakashinda 24 kwa 21.

Mpaka leo kuna watu Marekani ukiwatajia Kiwanuka wanakumbuka hiyo tu. Miaka tisa ya kazi, wamebaki na sekunde moja. Na ukiangalia vizuri, kosa lenyewe halikuwa la uvivu wala la woga wa mwili. Aliogopa kuvunja sheria. Nisilazimishe maana hapo, lakini nilipolielewa tukio hilo nilinyamaza kidogo.

Mwaka 2007 makocha wakamhamisha. Kwa vile pembeni kumejaa, wakamrudisha nyuma ya mstari, nafasi ya lainbeka. Kwa lugha ya kwetu ni kama kumtoa beki wa kulia na kumwambia kuanzia kesho wewe ni kiungo mkabaji. Anatakiwa asome mchezo kwa namna nyingine kabisa, na mara nyingine afukuzane na watu wepesi kuliko yeye. Alikubali. Tarehe 30 Septemba 2007 Giants walimwangusha kotabeki wa Philadelphia Eagles mara 12 katika mechi moja, sawa na rekodi ya ligi. Umenyiora alifanya mara 6, Kiwanuka mara 3. Yaani 9 kati ya 12 ni za mtoto wa Wanigeria na mtoto wa Waganda. Hizo nazo hazisimuliwi sana.

Halafu tarehe 18 Novemba, mechi na Detroit, akavunjika mfupa wa mguu. Msimu ukaishia hapo kwake. Kwa timu ndiyo kwanza unaanza. Giants walipanda hadi fainali, Super Bowl ya tarehe 3 Februari 2008, wakakutana na New England Patriots ambao walikuwa wameshinda mechi zao zote 18 za msimu huo. Giants wakashinda 17 kwa 14. Walinzi wao walimwangusha Tom Brady mara 5. Ilikuwa moja ya siku kubwa za ulinzi katika historia ya mchezo huo, na Kiwanuka hakucheza. Tuzo ya mchezaji bora wa fainali akapewa Eli Manning, kotabeki wa Giants. Timu iliyozuia vile, tuzo ikaenda kwa mrushaji!

Agosti 2008 Umenyiora akaumia goti kabla ya ligi kuanza, na Strahan alikuwa ameshastaafu. Kiwanuka akaitwa arudi pembeni. Akaangusha mara 8, msimu wake bora kuliko yote. Mwaka 2010 akaanza kwa kasi, mara 4 katika mechi tatu tu, kisha wakagundua tatizo kwenye diski ya shingo. Shingo siyo mguu, wadau. Mchezo wa kugongana vichwa na shingo mbovu, mtu anaweza asitembee tena. Akakaa nje msimu wote uliobaki.

Mwaka 2011 alirudi, na safari hii tena kama lainbeka. Yaani pembeni, nyuma, pembeni, nyuma. Mtu wa kujaza pengo. Ndani ya misimu sita alikuwa amehamishwa mara tatu na kuumia vibaya mara mbili, na hakuna takwimu inayohesabu uvumilivu wa aina hiyo. Msimu huo aliangusha mara 3.5 tu, namba ndogo, lakini lainbeka hapimwi kwa hilo peke yake. Giants wakaingia fainali tena, na wapinzani wakawa Patriots wale wale. Fainali ilichezwa tarehe 5 Februari 2012. Na mji ulikuwa upi? Indianapolis. Mji aliozaliwa.

Pointi za kwanza za fainali hiyo zilitoka kwa walinzi: Justin Tuck alimbana Brady ndani ya eneo lake la mwisho, Brady akautupa mpira pasipo na mtu, waamuzi wakawapa Giants pointi mbili. Mwisho matokeo yakawa 21 kwa 17. Mpira wa mwisho wa mechi Brady aliurusha mbali kabisa kwa kubahatisha, ukagombaniwa hewani, ukaanguka chini. Mpira kuanguka chini, hilo ndilo tukio lenyewe. Safari hii Kiwanuka alikuwa uwanjani na nguo zimelowa jasho, kwenye mji ambao familia iliyofiwa na Jaji Mkuu ilikwenda kuanzia upya. Tuzo ya mchezaji bora? Eli Manning tena.

Baada ya hapo mambo yakashuka taratibu kama kawaida ya michezo. Mwaka 2013 aliangusha mara 6, mwaka 2014 mara 2.5 huku goti likimsumbua, na Machi 2015 timu ikamwachia. Jumla ya misimu yake tisa, ukiacha mechi za mtoano, ni 38.5. Siyo namba ya kumfanya awe gwiji wa magwiji, na sisemi alikuwa hivyo. Ninachosema ni kwamba 38.5 haielezi kazi aliyofanya. Haihesabu mara ngapi kotabeki alirusha haraka kuliko alivyotaka kwa sababu namba 94 anakuja. Haihesabu mara ambazo wawili walimshika yeye na hivyo Tuck akapita bure. Hizo zote ni kazi, ila zimeandikwa kwenye kitu ambacho hakikutokea.

Sasa turudi kwa babu. Sifananishi mchezo na mauaji, hiyo itakuwa kukosa adabu. Mjukuu alipokosea timu ilifungwa, na Jumapili iliyofuata wakacheza tena. Babu hakuwa na Jumapili nyingine. Lakini aina ya kazi ina undugu. Mtu akishikwa na askari bila kosa na jaji akaamuru aachiwe, anakwenda nyumbani, anakula na watoto wake, analala. Hakuna habari hapo. Jaji akifanya kazi yake vizuri miaka ishirini, kumbukumbu yake ni watu elfu waliolala nyumbani kwao, na hakuna kitabu cha watu waliolala nyumbani kwao. Ndiyo maana Benedicto Kiwanuka kwa wengi wetu ni jina tu kwenye orodha ya waliouawa na Amin. Tunamjua kwa alivyokufa. Alichokizuia hatujui.

Na hapa Watanzania tuna sehemu yetu. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 tunavifundisha na tunajivunia, na kweli majeshi yetu yaliingia Kampala Aprili 1979 na Amin akakimbia. Septemba 1972 tunaipita mbio. Uvamizi ule ulioshindwa ulitoka kwenye ardhi yetu, na watu waliolipa walikuwa ndani ya Uganda, wakiwemo ambao hawakubeba bunduki. Amin alikuwa muuaji hata bila uvamizi, sikatai, na amri ile ya mahakamani peke yake ilitosha kumponza jaji. Lakini mwalimu wa Historia akiruka mwaka 1972 ili afike haraka 1979, anafundisha ushindi bila gharama. Ni kuhesabu magoli tu.

Uganda wenyewe wameanza kurekebisha. Tangu 2018 Mahakama ya Uganda inafanya kila mwaka mhadhara wa kumbukumbu ya Benedicto Kiwanuka. Ilichukua miaka 46, lakini afadhali.

Mimi kidato cha tatu wangu wiki ijayo nitawapa kazi ndogo. Waende nyumbani wamwulize bibi au babu: ni jambo gani baya lilitaka kutokea hapa mtaani au kijijini na halikutokea, na nani alilizuia? Ngoma iliyokatazwa isigeuke ugomvi, shamba ambalo halikuuzwa, mtoto ambaye hakuachishwa shule. Waandike jina la aliyezuia na mwaka. Najua wengine wataniletea desa, ndiyo wanafunzi, na sisi tumetoka huko huko. Nikipata hata majina matano ya kweli nitayabandika ukutani karibu na ile picha ya Karl Peters iliyoko kwenye kitabu chao, maana huyo yeye tayari anajulikana kwa aliyoyafanya.

Nisiwachoshe. Umeme wenyewe hauaminiki na maandalio ya somo la kesho bado. Alamsiki.